Mama Ofisi na Mstari wa Baba

Mama Ofisi alijua kila mtu wa mitaa yetu ya Nairobi alizaliwa lini, kuanzia Makongeni hadi Mbotela, lakini yeye mwenyewe alizaliwa lini hakuna aliyejua. Nimemfahamu tangu nikiwa mtoto wa mafundisho ya komunyo, na mpaka leo siwezi kukuambia kwao ni wapi. Kiluhya alikisema kama aliyekinyonya, Kijaluo hakuna aliyewahi kumsengenya kwacho akapona, na Kikamba chake kilitosha kununulia maembe. Ukimuuliza nyumbani ni wapi, alikuonyesha kwa kidole gumba mlango wa ofisi ya parokia uliokuwa nyuma yake. Jina la ubatizo alikuwa nalo bila shaka, ila sisi tulimwita Mama Ofisi, mapadri walimwita Mama Ofisi, na askofu alipokuja kutoa kipaimara alimsalimu hivyohivyo.

Kazi yake ilikuwa kutunza vitabu vya parokia, vya ubatizo, ndoa, kipaimara na vifo. Mtu akitaka kuoa, au kumpeleka mtoto shule ya masista, au kubishana na serikali kuhusu umri wake, alipitia kwake aandikiwe kadi. Vitabu vilikaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati aliufunga kwenye pembe ya leso. Hakukupa kitabu ukakishika. Alikifungua upande wake wa meza, akakiinamia, akanakili polepole, kisha akaufungulia mdomo ule mhuri na kuupulizia pumzi ya moto, maana wino ulikuwa umekauka tangu enzi za padri wa kwanza. Ndipo akaugonga. Sisi watoto tuliamini kwamba pumzi ile ndiyo iliyofanya kadi iwe halali.

Namkumbuka kwa mapenzi, na niseme hivyo mapema, kwa sababu mama yangu ana haki ya kumkumbuka vingine.

Mama, ambaye jina lake ni Skolastika na mtaani wanamwita Skola, alibatizwa katika parokia hiyo. Kadi aliyoandikiwa na Mama Ofisi alipokuwa anaolewa ilikuwa na kila kitu isipokuwa baba. Kwenye mstari wa baba palikuwa na kistari kifupi cha wino. Babu yangu alikuwa hai, mfanyakazi wa treni za mizigo, anaishi chumba kimoja Makongeni, amemlea mama kwa mshahara wake, na bado ule mstari haukuwa na jina. Mama hakuuliza ofisini, na nyumbani pia hakuuliza. Utamwanzia wapi mama yako mzazi swali la namna hiyo? Lakini mdogo wake, yaani mjomba wangu, aliiona kadi mezani, na yake yeye ilikuwa na jina la babu limeandikwa wazi, Fransisko. Maneno yalianzia hapo.

Babu alipofariki, nyanya alikuwa ametangulia, kwa hiyo hakukuwa na wa kuulizwa. Tulimpeleka kwao magharibi kumzika. Watoto wa marehemu walipoitwa kutia udongo, mjomba alimgeukia mama mbele ya watu, akamwambia, "Dada, wewe ngoja na wageni. Kadi yako haina baba." Mama akangoja na wageni. Nilikuwa nimemshika gauni. Tangu siku hiyo kulikuwa na jambo moja tu alilotaka kujua duniani, kama yule mzee alikuwa baba yake au hakuwa, na aliyeona kilichoandikwa kitabuni ni Mama Ofisi peke yake.

Nilipopata akili za kikubwa nilimwambia twende tukaombe kuona kitabu. Akakataa. "Nikiuliza nitajibiwa," alisema, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia kwa miaka mingi.

Sasa nirudi kwa mwenyewe. Mdomo wa Mama Ofisi haukuwa na breki. Bibi arusi aliyekuja na mabega wazi alirudishwa nyumbani kutafuta shali, hata kama kwaya imeshaanza kuimba na bwana arusi anatoa jasho altareni. Msimamizi wa ubatizo aliyenuka pombe aliambiwa akasimamie ng'ombe. Padri mmoja kijana alijaribu kumpangia saa za kufungua ofisi. Mama Ofisi akamsikiliza kwa heshima zote, akamwamkia tena kama vile ndiyo kwanza anaingia, na kesho yake akafungua saa zake zilezile. Padri mwingine alifuga paka, na Mama Ofisi alikuwa anaogopa paka kuliko anavyoogopa jehanamu. Mmoja wao alihama, padri au paka, sikumbuki yupi.

Na bado mtu huyohuyo alikuwa na huruma ya ajabu, huruma ya kimyakimya ambayo hukuiona mpaka uihitaji. Msichana wa jirani yetu alipopata mimba na baba yake akamfukuza, alilala kwa Mama Ofisi mpaka akajifungua, na Jumapili zote hizo Mama Ofisi aliendelea kutukemea kanisani kuhusu usafi wa moyo kama vile nyumbani kwake hakuna kitu. Yeye mwenyewe alikuwa na binti, na mume hakuna aliyewahi kumwona. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanakufa kwa hamu ya kuona mstari wa yule binti kitabuni. Walikufa na hamu yao.

Alipenda matumbo ya soko la Burma, yale yanayochemshwa asubuhi mpaka mchuzi unakuwa mzito. Ijumaa ya kwaresima alizunguka njia ya mbali ili asipite pale, maana alisema pua yake haijabatizwa. Tangawizi aliitafuna mbichi. Ukiingia ofisini kwake ulipokelewa na harufu ya nta ya mishumaa, karatasi zenye unyevu na ile tangawizi, na mimi hadi leo nikikata tangawizi jikoni najiona nimekaa kwenye benchi refu la pale nje Jumamosi asubuhi, watu wamejipanga, mtu anasimulia kesi yake kwa sauti ili wote waamue, watoto wanafukuzana kuzunguka bomba la maji. Mitaa ile ya nyumba za chini, mlango wako unatazama mlango wa jirani, inavunjwa moja baada ya nyingine, ghorofa zinapanda. Naikumbuka sana. Tulikuwa tunabanana, lakini ukikohoa usiku asubuhi unaulizwa.

Kipaji chake kilikuwa kwenye vile vitabu vya zamani, vilivyoandikwa Kilatini na mapadri wa kizungu. Siku hizi watu wanatafuta koo zao. Vijana wanachora kwenye simu mti wenye majina, wanapanda vizuri mpaka kwa babu, wakifika kwa baba wa babu wanakwama, ndipo wanakumbuka kanisa. Hata baada ya kustaafu aliendelea kuitwa, na sekretari mpya, msichana mpole mwenye kompyuta yake, alimwekea kiti karibu na dirisha na kumletea chai.

Alikuwa na kanuni moja. Mstari wa marehemu alikusomea, na hata kukuonyesha. Wa aliye hai aliufunika kwa karatasi ya kukaushia wino, akakuambia kile alichoona kinakufaa.

Siku moja nimeenda kuchukua kadi ya mwanangu, akaingia kijana wa mtaa wa Umoja mwenye nywele za kusokota, anatafuta habari za babu yake.

"Niaje, mathe. Nasaka guka wangu," akasema.

"Guka wako ana jina, ama nikutafutie guka wote wa Nairobi?"

Kijana akacheka, akataja jina. Mama Ofisi akafunua kurasa, akapata, akamgeuzia kitabu. Kijana akainama, kidole kikatembea, kikasimama.

"Hapa wameandika illegit. Si hiyo ni illegal?" Macho yakamtoka kwa furaha. "Kumbe guka alikuwa anaishi Nairobi bila kipande cha mkoloni! Huyo msee alikuwa noma."

Mama Ofisi alicheka mpaka miwani ikamwangukia kifuani. Kisha akamweleza kwa upole ambao sikuwahi kuupata mimi.

"Kipande akiwa mtoto mchanga cha nini? Hicho ni Kilatini, mjukuu wangu. Maana yake wazazi wake walikuwa hawajafunga ndoa kanisani."

"Kwa hivyo guka ni mtoto wa nje?"

"Nje wapi? Mahari ilitolewa, mbuzi walichinjwa, mama yake akasindikizwa kwa vigelegele. Ila padri hakuwapo. Na pale ambapo padri hakuwapo, kitabu kinaandika kama hakukuwa na arusi."

Kijana alikaa kidogo akitafuna habari hiyo. Akasema, "Aki mathe, baba yangu amekuwa akiamini vingine. Wacha nimpigie." Akatoka nje na simu sikioni, na tulimsikia kwenye baraza akisema, "Daddy, hapana, alikuwa wa ndani. Wa ndani kabisa."

Wengi walitoka pale wamepona hivyo. Mzee mmoja wa Pumwani, Mwislamu, kofia imenyooka, alikuja kutafuta habari za mama yake aliyebatizwa akiwa msichana. Aliogopa kuingia. Mama Ofisi alimfuata mlangoni, akamsalimia kwa salamu yake ya Kiislamu, akamkalisha na kumsomea majina ya babu na bibi yake aliyokuwa hajawahi kuyasikia. Mzee akafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Mimi nilikuwa natazama, nikajiuliza kwa nini wageni wote hawa wanasomewa, ilhali mama yangu amekaa nyumbani na kistari.

Nilijaribu mara moja. Nina kibanda cha viatu soko la Kariokor, na Mama Ofisi alikuwa mteja wangu wa akala, vile viatu vya tairi. Alidai za kiume kwa sababu za kike, alisema, zimetengenezewa watu wasiotembea. Nilipokuwa nampima mguu nikamuuliza kuhusu mstari wa mama. Mguu ukakakamaa mkononi mwangu.

"Mama yako yuko hai?" akauliza.

"Yuko, kama unavyojua."

"Basi ana ulimi. Aje mwenyewe." Akavaa akala zake mpya, akaondoka bila hata kuomba nimpunguzie bei, na hilo kwake lilikuwa jambo la kutisha.

Wote wawili, basi, walikuwa wanangojana. Walikutana kila Jumapili, wakapeana amani mkono kwa mkono, wakaulizana habari za watoto. Mama alimheshimu na kumwogopa, na nyumbani hakumtaja. Nilikasirika na wote wawili kwa zamu.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilienda kumwona Mama Ofisi huko Kware, alikohamia kukaa na mjukuu wake. Ni ghorofa ya juu, nguo zimeanikwa mpaka mchana unawasha taa. Aliniita Skola tangu nilipoingia hadi nilipotoka. Nilimsimulia mama kama kichekesho. Hakucheka. Akasema, "Nipeleke."

"Kitabu bado kipo parokiani, mama. Hata yeye akisahau, kitabu kitabaki."

"Kitabu nitakiuliza nini? Nataka kujua yeye aliona nini mle mpaka akaniandikia kile kistari."

Tukapanda zile ngazi, mama akipumzika kila ghorofa na kujifanya anatazama nguo za watu. Mjukuu alitufungulia, akatuwekea chai, akatoka kwenda kazini. Siku hiyo Mama Ofisi alikuwa na akili zake zote. Alitazama uso wa mama, akatazama wangu, akajua tumekuja kwa nini. Hakungoja salamu ziishe.

"Umechukua muda, Skola."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliomba usije." Akavuta leso akaikunja magotini. "Nilitazama mistari miwili. Wako na wa mdogo wako. Mama ni yuleyule mmoja. Ile alama ya Kilatini unayo wewe, mdogo wako hana, na hiyo haikunisumbua, kila mtu alikuwa nayo. Kilichonisumbua ni jina. Kwa mdogo wako baba ni Fransisko. Kwako padri hakuandika Fransisko."

Mama akaweka kikombe chini.

"Ulikuwa unaolewa wiki hiyohiyo," Mama Ofisi akaendelea. "Nikajiambia, nikimwandikia jina la mwanamume mwingine, kadi hii inakwenda mikononi mwa wakwe. Ataingiaje kwa watu? Nikatia kistari. Nilikusitiri, Skola. Mungu anajua nilikusitiri."

"Aliandika nani?"

"Sasa ni ya nini, wote wamekwisha lala—"

"Mama Ofisi. Aliandika nani?"

"Zakaria."

Nilianza kuwapitia akina Zakaria wote wa Makongeni niliowahi kuwasikia, muuza mafuta ya taa, yule wa kwaya, na nikaona aibu kwamba nawapima pua na masikio. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, nikainuka kumshika, kumbe anacheka. Kicheko kilikuwa kidogo, cha msichana, na machozi yakakifuata nyuma yake.

"Zakaria alikuwa mtoto," akasema. "Kifungua mimba wa mama yangu, kabla yangu mimi. Alifariki hajatambaa."

Akafuta machozi kwa kiganja, akaendelea.

"Mama yangu hakutaja jina la mume wake hata siku moja. Kwao mke hataji. Majirani wote Makongeni walimwita Baba Skola, kwa sababu mimi ndiye mtoto waliyemwona. Lakini sisi tukiwa ndani, mlango umefungwa, mama alimwita baba kwa yule mtoto wake wa kwanza. Baba Zakaria, maji ya kuoga tayari. Baba Zakaria, watoto wamelala. Taratibu hivyo, watu wa nje wasisikie wakaanza kuuliza."

Midomo ya Mama Ofisi ilikuwa inatembea bila sauti, kama wakati ule anaponakili. Kisha sauti ikaja.

"Padri akamuuliza, jina la baba wa mtoto?"

"Na baba alikuwa safarini na treni," mama akasema. "Mama alikuwa peke yake pale, na mimi mgongoni."

"Akajibu, Baba Zakaria."

"Angejibu nini kingine?"

"Padri akaandika Zakaria." Mama Ofisi akavua miwani. "Na alipozaliwa mdogo wako, walikuwa wameshafunga ndoa hapa kanisani. Fransisko padri alikuwa anamjua kwa uso."

Chini barabarani mtu alikuwa anatangaza mayai ya kuchemsha. Nilimwona Mama Ofisi akizeeka palepale kwenye kiti, na nilimhurumia kwa moyo wote, mwanamke aliyewarudishia watu wengi kiasi kile baba zao.

"Nilidhani nakusitiri," akasema.

"Ulinisitiri," mama akamjibu bila ukali, "mpaka nikakosa kumzika baba yangu."

Mama Ofisi akanyoosha mkono juu ya meza, ukabaki hapo wazi kati ya vikombe. Mama aliutazama muda mrefu. Akauchukua, akaushika, na bila kuuachia akanigeukia mimi.

"Nipigie mjomba wako. Weka kwa spika."

Simu iliita sana. Kisha sauti ya mjomba, na kuku nyuma yake. "Haloo? Nani?"

"Ni dada yako."

"Dada? Kuna nini, mtu amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nilitaka kukusalimu. Ni mimi, mtoto wa Baba Zakaria."

Hata kuku wakanyamaza, au mjomba alikuwa ameingia ndani ya nyumba. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu mdogo.

"Hilo jina mara ya mwisho nililisikia kwa mama. Wewe umelipata wapi?"

"Liko kanisani," mama akasema. "Mama aliliandikisha siku niliyobatizwa, kwenye mstari wa baba."